Kiti cha Dereva

Jumatatu, 3 Machi

Najua kuendesha gari. Nimelificha jambo hili miaka arobaini na moja. Mke wangu alikufa bila kujua. Binti yangu Nekesa huwaambia watu kwamba baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli. Hucheka akisema hivyo. Nami hucheka.

Dawa saa moja asubuhi. Uji, nusu kikombe. Miguu imevimba hadi magotini. Daktari alisema moyo umechoka, tusipange mambo ya mbali. Nekesa ameamua kunipeleka nyumbani, huko milimani, nikiwa bado naweza kuketi. Basi la abiria siliwezi tena. Na mvua ikianza, barabara ya kwetu haipitiki kwa gari dogo. Kwa hiyo anatafuta gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Akiba yake ni laki sita. Nikishaondoka, litabebea mizigo duka lake hapa mtaa wa Tena.

Kufa sikuogopi. Naogopa mteremko wa mtoni, pale kwetu.

Jumatano, 5 Machi

Nekesa ananionyesha picha za magari kwenye simu. Jekundu, jeupe, la tatu la kijivu. La kijivu amelipenda. Limetembea kilomita chache, wanasema. Nikaiona picha ya ndani. Mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinaonekana. Kilomita chache haziwezi kufanya hivyo.

Nilifungua mdomo. Nikaomba maji.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeenda kuliona. Yadi iko karibu na barabara kuu, mwendo mfupi. Dalali anaitwa Bonie, kijana mcheshi, viatu safi kupita kiasi.

"Guka, hii ni mnyama," aliniambia, guka yaani babu. "Hii inapanda hata ukuta wa nyumba yenu."

Nilikaa nyuma na mto wangu. Tukazunguka lami, kisha Bonie akaliingiza kwenye uwanja wenye tope ambako bomba la maji limepasuka. Akavuta ile gia fupi ya magurudumu manne. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Nekesa akapiga makofi. Lakini mgongo wangu ulijua. Gari lilikuwa linasukumwa na nyuma tu. Mbele hakukuwa na uhai wowote.

"Guka, umewahi kuendesha?"

Nekesa alijibu kabla yangu. "Huyu? Huyu ni wa chaki tu."

Wakacheka. Nikacheka.

Nekesa atalipa Jumanne. Fundi hajamwita, anasema fundi naye ni gharama. Mimi mwoga. Sina neno lingine.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha adhuhuri, kidogo. Sikwenda kanisani.

Nimemfikiria Barasa mchana kutwa. Mdogo wangu. Alikuwa dereva wa gari la shule niliyofundisha, naye ndiye aliyenifunza kuendesha, kwa siri, uwanjani, wanafunzi wakiwa likizo. Alikuwa na subira kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumjua.

Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko, wafiwa hunyolewa. Watu hukusanyika, na aliyekuwa na marehemu husimama aeleze jinsi alivyoondoka. Likishasemwa hapo, limefungwa. Hakuna anayelifungua. Mimi ndiye niliyekuwa na Barasa. Nilisimama. Mkewe, Rispa, alikuwa ameketi mkekani, kichwa chake kimetoka kunyolewa, kinang'aa. Nikasema niliyosema.

Shule haikumpa Rispa kitu. Mwanawe alikua akiitwa mtoto wa chupa, mtoto wa mlevi. Rispa hakunilaumu hata siku moja. Kila Krismasi alinitumia kuku.

Nikinyamaza, Nekesa atateremka mtoni kwenye tope akiamini magurudumu manne yanamshika. Nikisema, ataniuliza nilijuaje.

Jumatatu, 10 Machi

Pumzi fupi. Mvua tena. Bado sijasema.

Jumanne, 11 Machi

Nimesema.

Tulikuwa yadini, pesa tayari kwenye simu yake, kidole kikisubiri namba ya siri. Nikashika mkono wake. Nikasema gari hili halina propela ya mbele, ule mtaimbo wa chini unaopeleka nguvu magurudumu ya mbele. Wameutoa. Inama uone.

Bonie alikuwa wa kwanza kucheka. "Guka amekuwa fundi leo? Mzee, pumzika kwa mto wako."

Fundi Athumani, mtu wa Kariokor ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara, alisikia akaja kwa hiari yake. Akalala chali kwenye udongo na kanzu yake ya kazi. Akatoka akijipangusa, anatabasamu. "Mama, mzee wako kasema kweli. Chini huku kweupe. Kama si yeye, ungelinunua pambo."

Bonie akaanza kupunguza bei. Nekesa hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Athumani ametupatia jingine. La kijani, rangi imebambuka, mlango mmoja hufunguka kwa nje tu. Baya. Lakini propela zote mbili zipo, na Nekesa aliziona kwa macho yake, kalala chini kando ya fundi. Amelipa.

Jioni alikuwa ananikata kucha. Akauliza bila kuinua kichwa. "Baba, ulijifunzia wapi?"

Nikasema nitamwambia nyumbani.

"Haya," akasema. Akaendelea na kidole kinachofuata.

Sijui kama nitafika.

Jumapili, 16 Machi

Tumefika jana alasiri. Hewa ya huku ni nyepesi, inaingia kifuani bila kuombwa.

Juu ya mteremko Nekesa alisimamisha gari. Tope jekundu mpaka mtoni. Nilimwambia aweke gia ya kwanza, na asiitoe hata akiona gari linakwenda polepole mno. Hakuitoa. Tulishuka kama watu wanaobeba yai.

Leo Rispa amekuja na uji wa wimbi. Amezeeka. Nywele zake zimekuwa nyeupe, fupi. Nikamwomba Nekesa asiondoke, aketi naye asikie. Kisha nikaeleza kama nilivyopaswa kueleza siku ile ya kunyoa. Barasa alikuwa amekunywa arusini, na kwa sababu alikuwa amekunywa, alinipa funguo za gari la shule. Aliketi upande wa abiria. Juu ya mteremko nilitoa gia ili tuokoe petroli. Alinishika mkono akaniambia niirudishe. Sikuirudisha, na gari likanishinda hadi mtoni.

Dereva nilikuwa mimi.