Sanamu Tatu Zilizovuliwa Majoho Siku Moja

CHAMA CHA UDUGU WA UTATU MTAKATIFU
KIJIJI CHA PACHAPATA, MKOA WA CUSCO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumatano, tarehe 12 Juni 2019, katika chumba cha nyuma cha kanisa, kuanzia saa 8:10 mchana.

Waliohudhuria:
1. Bw. Casimiro Ccahuana – Mwenyekiti
2. Bw. Hilarión Sullca – Mjumbe, Mtaa wa Juu
3. Bi. Eulogia Champi – Mjumbe, Mtaa wa Kati
4. Bw. Nemesio Auccapuma – Mjumbe, Mtaa wa Chini
5. Bi. Fortunata Ttito – Mvishaji wa sanamu (aliitwa kujieleza)
6. Bw. Teodosio Huallpa – Katibu, mwalimu mstaafu

Asiyehudhuria: Padre, kwa udhuru. Atafika Jumapili ya sikukuu.

KUMB. NA. 1/06/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa Ishara ya Msalaba. Bw. Hilarión aliomba iandikwe kwamba alifanya ishara hiyo pamoja na wenzake, lakini hajamsamehe mtu. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/06/2019: CHANZO CHA KIKAO

Mwenyekiti alieleza kwamba sanamu tatu za Utatu zilichongwa na wazee wetu kutoka gogo moja la mwerezi. Zina uso mmoja, ndevu zilezile, na kila moja imeinua mkono wa kuume. Wazee walitaka ionekane kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni sawa kwa utukufu. Kinachozitofautisha ni majoho tu: jeupe la Baba, ambalo hutunzwa na Mtaa wa Juu, la buluu la Mwana, la Mtaa wa Kati, na jekundu la Roho Mtakatifu, la Mtaa wa Chini.

Kwa kuwa mlango wa kanisa ni mwembamba, siku ya sikukuu machela ya sanamu, kila mtaa ukibeba yake, hutolewa moja moja kiubavu, Baba akitangulia. Kwa desturi, mtaa wake ndio unaotangulia kupata maji ya mfereji mwezi wa Agosti. Mtaa wa Kati hufuata siku ya nne, na Mtaa wa Chini siku ya saba. Bw. Nemesio aliomba yaongezwe maneno "yakibaki". Yameongezwa.

Jumatatu iliyopita Bi. Fortunata aliona nondo, wadudu walao nguo, akayavua majoho yote matatu kwa pamoja na kuyafua. Akazihamisha sanamu ili azipanguse vumbi. Bw. Hilarión alipoingia na maua na kuuliza, "Baba yetu ni yupi hapa?" Bi. Fortunata alijibu, "Ngoja kwanza." Ni maneno hayo mawili yaliyosababisha kikao hiki.

Hoja ya Bw. Hilarión: Bi. Fortunata aondolewe kabla ya Jumapili katika kazi ya uvishaji, aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja.

KUMB. NA. 3/06/2019: MJADALA

Bw. Hilarión alisema kosa hili halina mfano. "Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini umetuvurugia Mungu!"

Bi. Eulogia alimwuliza kama kinachomsumbua ni Mungu au mahindi yake ya mapema. Mwenyekiti aliomba wajumbe wazungumze kupitia kwake. Bi. Eulogia alimwomba Mwenyekiti amwulize Bw. Hilarión kama kinachomsumbua ni Mungu au mahindi yake ya mapema.

Bw. Hilarión alijibu kwamba Mtaa wa Kati umekuwa na hamu ya joho jeupe tangu enzi za babu zao. Bi. Eulogia alisema babu yake aliacha maneno kwamba sanamu ya Baba ina kifundo cha mti kwenye kisigino. Shuka zilizofunika sanamu ziliinuliwa, na visigino vikakaguliwa. Vifundo vilionekana kwenye sanamu zote tatu, kwa kuwa gogo lilikuwa moja.

Bw. Hilarión alisema basi hakuna neno, yeyote avikwe jeupe. "Si ni Mungu yuleyule mmoja, anabadili poncho tu? Leo Baba, kesho Mwana, keshokutwa Roho."

Hapo Katibu aliomba nafasi, kwa kuwa kosa hilo lilikataliwa na Kanisa zamani sana. Alifafanua kwamba Nafsi tatu si nguo tatu. Mungu ni mmoja, lakini Baba si Mwana, wala Mwana si Roho. Baba haitwi Baba kwa sababu ni mkubwa wa kikao, bali kwa sababu anaye Mwana; bila Mwana jina hilo lisingekuwepo. Mwana hana kitu asichokipokea kwa Baba, wala haoni haya kupokea. Roho ni upendo wao, naye ni Nafsi kamili, si tarishi wao. Hakuna kati yao anayekula kwanza na mwenziwe akalamba sufuria. Ndiyo maana, alisema Katibu, tukifanya Ishara ya Msalaba kisha mmoja akamfungia mwenzake maji, mkono na moyo havijasema jambo moja.

Mwenyekiti alimwomba Katibu afupishe. Katibu alifupisha kwa kadiri ilivyowezekana, yaani dakika ishirini na tano.

Bw. Nemesio alisema ameelewa yote isipokuwa jambo moja: kama hao Watatu ni sawa, kwa nini Roho Mtakatifu wa Mtaa wa Chini humwagilia viazi kwa matope? Swali limeandikwa.

Mwenyekiti alimtaka Bi. Fortunata ajitetee. Alisema hana utetezi, ana maelezo. "Hilarión mwanangu, unasema kosa hili halina mfano. Lina mifano thelathini. Majoho nayafua kila mwaka, yote mara moja, maana jua la Juni ni fupi. Unadhani kila mwaka nilikumbuka nani alisimama wapi? Namvisha aliye karibu. Mwaka huu nilikosea moja tu: sikufunga mlango."

Bi. Eulogia alipiga hesabu kwa sauti kwamba huenda Mtaa wa Kati ulikuwa na Baba kwa miaka kumi bila kujua. Bw. Nemesio alisema, "Na sisi je? Tumembeba Baba mabegani huku tukisubiri makombo!" Bw. Hilarión alikaa chini na kuomba maji ya kunywa. Bw. Nemesio alimpa, akamwambia asiwe na wasiwasi, hayana zamu.

KUMB. NA. 4/06/2019: MAAZIMIO

(a) Ilipendekezwa sanamu zichongwe alama miguuni ili kosa lisirudiwe. Kila mjumbe aliulizwa kama mtaa wake uko tayari kupewa alama isiyo ya Baba. Hakuna aliyekuwa tayari. Pendekezo lilianguka.

(b) Bw. Nemesio alipendekeza Agosti hii milango mitatu ya mfereji ifunguliwe siku moja. Bw. Hilarión alipinga: "Maji yatakuwa haba kama uji wa mfungo." Bi. Eulogia alijibu kwamba uji haba hunyweka, sufuria tupu hainyweki. Waliounga mkono: wawili. Bw. Hilarión hakupiga kura, ila hakuondoka. Limepitishwa kwa majaribio ya mwaka mmoja.

(c) Kuhusu kumwondoa Bi. Fortunata, Mwenyekiti aliuliza nani atachukua kazi hiyo, na kila mwaka aulizwe Baba ni yupi. Wajumbe wote walitazama viatu vyao. Bw. Hilarión aliondoa hoja yake. Bi. Fortunata anaendelea na kazi.

KUMB. NA. 5/06/2019: MENGINEYO

Bi. Fortunata alisema kama kazi bado ni yake, majoho yamekauka, na wajumbe wasimame wamsaidie, magoti yake si yale ya zamani. Alimkabidhi Bw. Hilarión joho jeupe. Bw. Hilarión aliuliza amvike yupi. Aliambiwa, "Yeyote, ila mvike vizuri, kola isikunjike."

Bw. Hilarión alisimama mbele ya sanamu tatu kwa muda ambao Katibu hakuupima. Kisha alimgeukia Bw. Nemesio, akasema, "Chagua wewe, ndugu."

Bw. Nemesio alichagua. Kikao kilimalizika saa 11:35 jioni, sanamu zote tatu zikiwa zimevaa.

Casimiro Ccahuana (sahihi)
MWENYEKITI

Teodosio Huallpa (sahihi)
KATIBU