Mchaichai na Bakora ya Baba

Ijumaa, Kilwa Kivinje, 1956. Mvua ya masika tangu alfajiri, na joto halijapungua hata kidogo.

Leo nimempiga baba yangu.

Nimeandika, na sifuti.

Mwezi ujao narudi chuoni Kampala kurudia mtihani wa vitendo wa kemia ya kaboni. Nikianguka tena wananifukuza, basi. Mara ya kwanza tulipewa majani tutoe mafuta yake kwa mvuke. Mimi nikaharakisha moto, chupa ikapasuka, nikatoka mikono mitupu. Kwa hiyo nilimbembeleza mtunza stoo anipe vyombo vya glasi, nikavifunga ndani ya kanzu zangu na kuvipakata njia nzima, nije kujizoeza nyumbani.

Adhana ilinikuta uani, chini ya kibanda cha makuti, mchaichai umeshaanza kuchemka. Ningeuacha moto, yangekuwa yale yale ya mtihani. Nikasema nitaswali adhuhuri hapa hapa. Kosa hilo ni langu, silikatai. Baba anasomesha Kurani mtaa mzima, na msikitini kila mtu alimuuliza mwanawe yuko wapi.

Akarudi akakuta moto, mrija, na matone maangavu yanadondoka chupani. Hapa kwetu kinachodondoka hivyo ni gongo tu. Nilimwambia, baba, ni mchaichai, nusa. Hakunusa.

"Unapika pombe nyumbani kwangu, saa ya Ijumaa?"

Bakora ya kwanza ilinipata shingoni, ya pili sikioni. Hizo nilizivumilia, nimelelewa nazo. Ya tatu akaishushia glasi. Mrija ukavunjika, chupa ikavunjika, mtihani wangu wote ukamwagika mchangani.

Nilimpokonya bakora nikamchapa nayo kifuani. Nikarudia. Kisha nikamsukuma, akaangukia vigae vya glasi, kiganja kikachanika mpaka nikaona nyama nyeupe. Mama alitoka jikoni akanizaba kofi lililonitoa machozi, akapiga magoti kumfunga kwa kanga yake. Wala sikumsaidia. Nilisimama na bakora mkononi, nahema, natafuta pa kupiga tena.

Na niseme ukweli, maana hapa hanisomi mtu: nilipompiga niliona raha. Nilimlipa kwa kila fimbo tangu nikiwa na alifu na bee. Mungu anisamehe, niliona raha.

Baba akiwa bado chini, akakileta kiganja puani. Akanusa ile kanga iliyolowa damu na maji yangu ya mchaichai. Akanusa tena.

"Kumbe mchaichai," akasema.

Akainuka mwenyewe, akaingia chumbani.

Alasiri mama alinijia kama mtu anayeleta barua ya mtu mwingine. Baba amesema niende nikafanye mtihani wangu. Ameshaniombea dua nifaulu. Ila nisimpe mkono wa kuaga.

Afadhali angenilaani. Laana ningegombana nayo.

Vyombo sina tena, na mtihani uko pale pale, lakini leo siwezi hata kuuwaza. Nitakwenda mlangoni kwake kabla ya alfajiri, nipige magoti, nimwombe radhi. Maneno ninayo, nimeyapanga vizuri. Lakini baba ni mwalimu, hapokei jibu bila kuuliza zaidi. Akiniuliza kama najuta, nitamwambia nini?