Madawati ya Kuazima

Jumatano

Na bado Mwalimu Mkuu wetu anaamini tumefanya la maana!

Jana alituagiza tukaazime madawati shule ya jirani. Tukayaleta kwa trekta, ili Afisa Elimu asikute darasa la pili wamekaa sakafuni. "Mgeni hapokelewi kwenye vumbi, mwalimu," akaniambia. Kampeni ya kuboresha shule, hiyo. Wanatuboreshaga hivyohivyo kila mwaka, kwa picha na soda.

Leo mgeni kaja, kachungulia darasani, katabasamu. Kuku wetu kamla. Halafu akasimama: "Hongereni, nyie mmejitosheleza. Madawati mapya tutawapelekea jirani zenu. Asubuhi nimepita kwao, watoto wote wako chini!"

Mkuu akapiga makofi. Makofi, jamani!  

Gari la mgeni halijafika hata njia ya Murangi, jirani wakaja kuchukua vyao. Watoto wangu wakasaidia kupakia, wakarudi darasani, wakakaa chini bila kuambiwa.

Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yule mgeni anakujaga tena lini?"