Swali Ambalo Baraza Halikumuuliza Edina

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai huku Ufipa haina adabu. Nimekaa jikoni kwa dada yangu hapa Chanji, karibu na jiko la mkaa, nimevaa sweta juu ya sweta, na bado vidole vinagoma kuandika. Moyoni hakuna kitu kikubwa. Nimechoka tu, na nataka kuandika ya leo kabla sijaanza kuyapamba.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nasoma uzamivu katika shule ya biashara. Chuo kiko mbali, lakini mwaka huu niko nyumbani Sumbawanga nakusanya data kwa wenye maduka madogo ya Chanji na Milanzi. Mimi pia ni mwenyekiti wa baraza la wanafunzi wa uzamivu. Cheo kinasikika kikubwa kuliko kilivyo. Baraza tunaliendesha wenyewe, hatuna ofisi, tuna kundi la wasapu na vikao vya mtandaoni ambavyo nusu ya muda watu wanaulizana kama wanasikika.

Jambo moja tunalifanya vizuri. Kabla mwenzetu hajasimama mbele ya maprofesa kutetea kazi yake, anasimama kwanza mbele yetu. Tunaita kikaango. Hakuna pongezi, hakuna pole, ni maswali tu, na yawe makali kuliko ya maprofesa. Watu wametoka kwenye kikaango wanalia, wakaenda kufaulu. Kwetu sisi, kumbana mtu kwa maswali ndiyo kumheshimu.

Jumatano ilikuwa zamu ya Edina.

Edina ni mwenyeji wa Mpui, mwalimu wa chuo, na katika baraza letu hakuna anayeuliza kwa ukali kumshinda. Tasnifu yake inahusu vikundi vya wakulima wa ulezi: kwa nini wanaanza vizuri kuuza mazao yao kwa pamoja, halafu wanaparaganyika. Baba yake, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kijijini kwao, alifariki mwezi wa tano. Kwa hiyo kabla ya kikao, sisi viongozi tulikubaliana pembeni tumwendee taratibu.

Tulimwendea taratibu mno. Mmoja alisifu majedwali yake. Mwingine alimuuliza kama data ilikuwa ngumu kuipata. Mimi nilifunga kikao kwa kusema amefanya kazi nzuri katika kipindi kigumu. Edina alisema asante, akazima kamera.

Alhamisi asubuhi akaandika kwenye kundi kwamba wiki ijayo hatakwenda kutetea. Anajiondoa masomoni.

Jana tukaitisha kikao cha dharura kujadili kwa nini Edina ameondoka. Kila mtu alikuwa na nadharia. Msiba. Familia. Msimamizi mgumu. Mmoja alipendekeza tuandae dodoso fupi kuhusu ustawi wa wanabaraza, na hakuna aliyecheka. Karibu na mwisho ndipo nikauliza nani amempigia simu. Hakuna, mimi nikiwemo. Na wote tunajiita watafiti.

Leo asubuhi nikaenda Mpui.

Nilimkuta uani na mama yake, wanapepeta ulezi. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa Kifipa mimi ni wa ukoo gani. Nikamwambia, akaridhika, akarudi kwenye ungo wake. Njiani nilikuwa nimejiandalia hoja: kwamba Edina amebakiza kidogo, kwamba jina likishafutwa shuleni kulirudisha ni kazi. Nilizisema zote kwa mpangilio. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa slaidi neno kwa neno.

"Dada, Jumatano mlinizika," alisema nilipomaliza. "Mimi nilikuja kuulizwa, ninyi mkanipa pole. Nikajua kazi yangu haifai hata kuulizwa."

Nikamwambia si kweli. Swali lilikuwepo, na wengi wetu tulikuwa nalo, tukaliweka kando kwa sababu ya msiba. Akaniambia nilitoe.

Nilisita, maana mama yake hakuwa mbali. Kisha nikauliza.

"Umewauliza waliobaki kwenye vikundi kwa nini wenzao waliondoka. Walioondoka umewauliza wapi?"

Alichota ulezi, akaumwaga kidogo kidogo, halafu akaanza kunieleza kwa sauti ya chini. Walioondoka kwenye kikundi cha pale kijijini wote waligombana na baba yake. Anawajua, ni majirani. Baba akiwa hai, kuwauliza ilikuwa kama kumsaliti. Alipofariki ikawa vibaya zaidi, kwa sababu nani anazunguka nyumba hadi nyumba kusikiliza ubaya wa marehemu wake? Alikuwa anasubiri sisi tumbane hadi aseme. Alijua tungeuliza. Alikuwa amejiandaa hata kulia.

Niliona aibu sana.

Edina akaingia ndani, akatoka na simu, akafunga kitenge vizuri na kusema twende kwa Mzee Dismas. Huyo ni rafiki wa baba yake tangu ujana na mtu wa kwanza kujitoa kwenye kikundi. Siku ya mazishi, Edina aliniambia tukiwa njiani, mzee huyo alikaa nyuma kabisa na akaondoka bila kula.

Mzee alitukaribisha vizuri, akatuwekea viti kwenye jua. Edina akafanya kila kitu kama tulivyofundishwa: akaeleza utafiti, akaomba ridhaa, akawasha kinasa sauti cha simu. Kisha akamuuliza kwa nini alitoka kwenye kikundi. Mzee akageuza kiti chake kumwelekea.

"Unaniuliza kama mtu wa chuo, au kama binti wa Leonsi?"

Edina aliitazama ile simu. Akaizima, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Kama binti yake, baba mdogo."

Mtafiti ndani yangu alishtuka, data inapotea hivi hivi mchana kweupe. Nikatoka kwenda kusimama barabarani niwaachie nafasi. Walikaa muda mrefu. Nilisikia sauti ya mzee, halafu Edina akiuliza, na kuuliza tena, kwa ukali ule ule tunaomjua nao. Baadaye nikasikia wote wawili wanacheka.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakunieleza aliyoyasikia, nami sikudadisi. Alisema tu kwamba atakwenda kutetea. Atawaambia maprofesa wazi kuwa kazi yake ina pengo, atawaambia na sababu, na ataomba muda wa kuwarudia walioondoka. Wanaweza kumkatalia, shule yetu si nyepesi kuongeza muda. Nimemwahidi kwamba baraza litasimama naye. Ahadi yetu ina uzito gani mbele ya kamati, sijui.

"Kesho itisheni kikao kingine," alisema tukiagana. "Na asiwepo wa kunipa pole. Pole nimeshapewa na watu wa hapa, inatosha."

Nimewaandikia wenzangu. Wameitikia wote. Mmoja ameniuliza kwa faragha kama swali la walioondoka si kali mno kwa mtu mwenye msiba. Nimemjibu kwamba ni kali, na ndilo litakalotangulia.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo limenikaa tangu nirudi. Mwaka jana nami nilipita mbele ya baraza, nilipokuwa najiandaa kutetea pendekezo langu la utafiti. Kilikuwa kikao kifupi. Niliulizwa mambo mepesi, nikasifiwa kwa mpangilio mzuri, nikalala usingizi mtamu nikijua kazi yangu iko sawa.

Wenzangu walikuwa na swali gani, wakalimeza kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti?