Nilisema Hajasafiri

Mwatumu, mdogo wangu Nusaiba amefariki mchana huu. Malaria imempanda kichwani.

Ni mimi niliyesababisha. Jumatatu pale kliniki nesi aliuliza, "Amesafiri karibuni?" Nikasema hapana, anaishi nami hapa Mayfair, Johannesburg. Ilhali alikuwa ametoka Tanga juzijuzi tu. Niliogopa wataomba pasipoti yake, na mpakani haikugongwa muhuri.

Nilisema hapana, Mwatumu.

Nusaiba hajui Kiingereza. Akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamjibu ni mafua, baridi ya Joburg. Tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani.

Leo daktari ananiambia, "Mngesema ametoka Tanga, tungempima malaria siku ileile."

Mama amepiga sasa hivi. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwani huko hawana dawa ya malaria?"

Nikamwambia hawana.