Aliyesukuma na Aliyepiga Magoti

Jumatatu, 3 Juni
Daftari, hujambo? Shuleni niliishia kwenye kuandika barua, basi nakuandikia kama barua. Sisi wazima. Baba watoto mzima, na mgongo wake. Mama mkwe mzima, anakula na kulalamika. Wajukuu mapacha wazima, wamevunja kioo cha jirani. Kitindamimba wangu — sijui. Kaja saluni kwangu na blauzi ya mikono mirefu, joto lote hili! Nikaivuta. Alama za vidole! Mchumba wake. Nimesuka kwa hasira mpaka mteja akalia, mama, hiyo ngozi!

Jumanne, 4 Juni
Nimemsema. Ananijibu eti, Mama, si tulisoma wote? Daktari alimsukuma mchumba wake, mwisho akapiga magoti akalia. Mwanaume anayependa huanza na ukali. Kitabu! Mwanangu ananijibu kwa kitabu cha mapenzi!

Na kweli tulisoma wote saluni. Vitabu tunavichana vipande, kila mteja anawasomea wenzake chake. Utamu siukatai. Ukurasa wa kwanza tu najua watapendana, na bado moyo unanidunda. Vingine vimeandikwa mpaka unasikia mvua. Vingine takataka — bibi arusi leo mrefu, kesho mfupi!

Alhamisi, 6 Juni
Nimetoa vipande vyote kwenye droo ya vitana, nikasoma mwenyewe, kidole chini ya neno. Jamani! Ni vitabu viwili, vimechanganyika! Anayesukuma ni daktari. Anayepiga magoti ni rubani — mtu mwingine kabisa, hakumgusa mwanamke hata kwa ukucha! Na sisi tulipiga makofi. Mke wa seremala aliuliza, mbona daktari sasa anarusha ndege? Shoga yake akamwambia, kasomea kazi zote mbili, ana akili huyo! Tukacheka. Hadithi zafanana kama sare, nani angejua?

Mwisho wa daktari nimeukuta chini kabisa. Bibi arusi ndiye anayeomba msamaha! Eti alimuudhi! Huyo mwandishi nikimpata namnyoa bila maji.

Ijumaa, 7 Juni
Nimewahi kurudi nimwonyeshe. Kitanda kimetandikwa, begi halipo. Mama mkwe anachekelea: mchumba kaja na ua, wameondoka wameshikana mikono, kama kitabuni! Nikamwacha, ningemtukana.

Simu inaita tu. Nimemwandikia: Mwanangu, aliyelia si yule aliyesukuma. Walikuwa wawili. Huyo wako ni yule anayesukuma! Uko wapi? Nijibu upesi, hata nukta moja.