Mvua Hii Ina Mwenyewe

Mogogosiek, kwa kiwanda cha chai

Mke wangu Mama Otieno,

Salamu nyingi kutoka huku kwa baridi. Mimi ni mzima na nguvu ni ile ile, vijana wakishindwa na kitu kizito bado wananiita. Wewe je, mguu umepoa? Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kiswahili kile kile nilichokutongozea, kwa hivyo usimpe mtu akusomee.

Habari ya mafuriko nimepata. Umesema mto uliingia hadi jikoni na mahindi yote ya chini yamelala, na kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hapo nakataa. Mungu hana kiwanda.

Wewe unajua ni mimi nawasha boila ya kukaushia chai hapa, na Konoin nzima hakuna mtu anajua moto kama mimi. Tangu tuache kuni tunachoma mafuta meusi. Sasa redio imesema moshi wa mafuta na makaa unapasha dunia moto, mvua inaharibika, inakosa halafu inakuja kama mwenda wazimu. Na wale wanaouza wanajua, wamenyamaza tu.

Huku nako mvua ya mawe imepiga chai ya rafiki yangu, Mzee arap Too, ikabaki vijiti. Nikamkuta na panga, anataka kukata vile vijiti. Huyu ndiye alinifundisha kwamba kwao ng'ombe akiingia kwa mahindi yako hugusi kitu, unaita wazee na mwenye ng'ombe waone pamoja, ndipo alipe. Ukisafisha kwanza, huna kesi.

Nikamwambia, "Weka panga chini. Mwenye hii mvua hajaona."

"Mvua iko na mwenyewe?"

"Iko. Anakujanga kiwandani amevaa tai, anatuuzia mafuta."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini panga aliweka, na wazee akaita.

Basi yule wa tai, ofisa wa kampuni ya mafuta, akaja kutugawia kalenda. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia anaitwa na wazee, aone chai na alipe, na mahindi ya mke wangu pia.

Akasema, "Mzee wangu, mvua ni ya Mungu."

"Hata ng'ombe ni wa Mungu. Lakini akila mahindi yako utamtafuta nani?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akasema, "Na si wewe ndiye unayawasha hayo mafuta? Basi ulipe."

Hapo alidhani amenimaliza. Nikamwambia, "Mimi ni mchungaji tu. Nitasimama kwa wazee niseme nilichunga. Lakini mwenye ng'ombe aje, mchungaji halipi peke yake."

Meneja alikasirika. Akasema Ijumaa mgeni akirudi nimwombe msamaha, la sivyo niache boila na nyumba ya kampuni. Ijumaa nikavaa koti la kanisa. Meneja akasema, "Haya mzee, sema." Nikamgeukia ofisa nikasema, "Wazee wamekaa kwa arap Too wanakungoja. Nikupeleke?"

Hakwenda. Wazee walitembea kwa ile chai bila yeye, wakasema ameitwa, amekataa, na kesi haijafa. Mimi nimehama nyumba ya kampuni, nalala kwa arap Too. Usilie. Boila wamempa kijana mmoja na tayari inamsumbua.

Sasa sikiliza. Panda mahindi mengine huko juu mpate chakula. Hapo chini kusiguswe. Nakuja na arap Too aone kwa macho yake awe shahidi, maana huyo hakuna mtu atasema ni ndugu yetu.

Nisalimie ndugu yangu Okumu, na umwambie ng'ombe zake za kulima zisishuke huko chini. Msalimie mama yako, na mchungaji wa kanisa, nina maneno naye juu ya hayo mapenzi ya Mungu. Na Otieno wetu akiandika kutoka Nairobi kwamba baba amepoteza kazi kwa ukaidi, mjibu kwamba ni kweli.

Ni mimi mume wako, nina moto hata bila boila,

Baba Otieno